Kwanini mlingoti wa jahazi umelala mbele? Wajuzi wa bahari tusaidieni

#1 Mgogo_Baharini
Habari wadau. Mimi mtu wa bara, bahari nimeizoea ukubwani baada ya kuhamishiwa kazi Unguja. Kuna kitu kinanitatiza. Ukikaa Forodhani jioni ukaangalia majahazi yakipita, mlingoti haujasimama wima, umeinama kuelekea mbele utadhani unaanguka. Boti za tanga za wazungu, zile za mashindano, mlingoti uko wima au umelala nyuma kidogo. Sasa nani kakosea? Nimewauliza vijana wa pale naambiwa tu "ndivyo yalivyo mzee". Mimi nadharia yangu ni kwamba umeinamishwa mbele ili upepo ukisukuma tanga, mlingoti unyooke usivunjike. Niko sahihi au nimeingia chaka?

#2 Kikomba
Naweka kambi hapa. Kahawa ipo, tende ipo.

#3 Fundi_Nungwi
Mkuu nadharia yako imekwenda kinyume. Upepo ukitoka nyuma unausukuma mlingoti mbele zaidi, sasa utanyooka vipi? Jibu ni foromali. Kwenye jahazi tanga halifungwi kwenye mlingoti, linafungwa kwenye foromali, na foromali inaning'inizwa kichwani mwa mlingoti kwa kamba nene inaitwa henza. Hiyo foromali ni mti mrefu haswa, kwenye chombo kikubwa inaungwa miti miwili mitatu kwa kamba, na urefu wake unaweza kukaribia urefu wa chombo chenyewe. Ukisimamisha mlingoti wima foromali itasugua mti muda wote, ukipandisha inakwama ukishusha inakwama, kamba zinakatika. Ukiulaza mbele foromali inaning'inia yenyewe mbali na mti. Mimi najenga vyombo, baba kajenga, babu kajenga, sijasikia sababu nyingine.

#4 Mgogo_Baharini
Shukrani fundi. Ila mkianza henza sijui nini mimi naachwa bandarini. Naomba na majina mengine kwanza.

#5 Mwanamkasi wa Pangani
Twende pole pole kaka. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi, na ile sehemu ya nyuma iliyoinuka anapokaa nahodha ni shetri. Ule mti wa chini kabisa unaotoka mbele mpaka nyuma ni mkuku, juu yake ndo yanasimama mataruma, halafu mbao zinapigiliwa kwenye mataruma, kati ya ubao na ubao inasindiliwa pamba, hiyo ndo kalafati. Usukani unaujua, mti wa kuushikia unaitwa kana. Upande unakotoka upepo ni joshi, wengine goshi, upande unakokwenda ni demani, na kamba ya kukazia tanga nayo ni demani. Chini tumboni maji yanapojikusanya ni ngama. Kufua maji ngamani ndo kazi ya kwanza atakayopewa mtu wa Dodoma.

#6 Kikomba
Hahaha mpeni upo wake mapema.

#7 Mgogo_Baharini
Upo ndo nini tena jamani

#8 Kikomba
Kata ya kufulia maji. Utaifahamu tu.

#9 Nahodha_Mstaafu
Fundi kasema kweli ila kasema nusu, mafundi wao chombo kikishatoka ufukweni hawana habari nacho. Sababu kubwa ni kugeuza. Sikiliza Mgogo. Upepo ulikuwa unakupata kulia sasa unataka ukupate kushoto. Boti ya kizungu inapitisha pua kwenye upepo, tanga linajirusha upande wa pili, basi kwisha kazi. Jahazi kubwa ukilifanyia hivyo tanga linajibandika kwenye mlingoti na upepo unaanza kukurudisha tezi tezi, ukiwa huna bahati mlingoti unakatika. Kwa hiyo jahazi unaliachia lizungukie upande wa pili, upepo uje nyuma yako. Hapo unaachia demani, tanga linapepea mbele ya chombo, ncha ya chini ya foromali inavutwa mpaka foromali yote inasimama sambamba na mlingoti, mabaharia wanaizungusha kwa mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili, na demani nayo inapitishwa mbele ya kila kitu, ndo inakazwa tena. Kamba za kushikilia mlingoti nazo zinafunguliwa zinahamishiwa upande wa joshi. Hayo yote upepo unavuma na chombo kinayumba na pengine ni usiku na mvua. Sasa mlingoti ukiwa umelala nyuma hiyo foromali utaipitishia wapi? Itakugandia kifuani. Ukilala mbele inakuwa na uwazi wa kupita. Hiyo ndo sababu, kusugua ni jambo dogo.

#10 Fundi_Nungwi
Nahodha lakini si umerudia niliyosema mimi? Foromali iwe mbali na mlingoti. Umeongeza mabaharia tu.

#11 Nahodha_Mstaafu
Umeongelea kupandisha na kushusha. Mimi naongelea kugeuza. Watu hawajafa kwa kupandisha tanga, wamekufa kwenye kugeuza.

#12 Mhandisi_Mawimbi
Wazee heshima zenu. Nimesomea mambo ya vyombo kidogo, ngoja nichokoze. Kila tanga lina sehemu moja ambapo unaweza kusema nguvu yote ya upepo imekusanyika, na chombo nacho chini ya maji kina sehemu moja ambapo maji yanakizuia kisisukumwe ubavu. Sehemu hizo mbili zikiwa zimekaribiana chombo kinakwenda mbele kwa adabu. Ile ya tanga ikiwa nyuma sana chombo chenyewe kinataka kupanda joshi, unashika kana kwa mikono miwili safari nzima. Tanga la jahazi sehemu kubwa ya kitambaa iko nyuma ya mlingoti, ukiusimamisha wima nguvu yote inaangukia huko nyuma. Ukiulaza mbele unalisogeza tanga zima mbele na usukani unakuwa mwepesi. Foromali kupita kirahisi ni faida ya ziada tu.

#13 Fundi_Nungwi
Kijana, kama shida ni hiyo si ningesogeza mguu wa mlingoti mbele nikausimamisha wima? Kazi ya nusu siku.

#14 Mhandisi_Mawimbi
Usingeweza fundi na wewe unajua. Hanamu, ule mti wa mbele kwenye pua ya jahazi, imelala sana, huko mbele chombo ni chembamba, mguu ukiukalisha huko hupati upana wa kufungia zile kamba za pembeni, na uzito wote wa mlingoti na foromali unakaa kwenye omo ambayo haina mwili wa kuubeba, ikikutana na wimbi inachimba. Mguu unaukalisha nyuma kidogo juu ya mkuku ambapo chombo kina tumbo, halafu kichwa unakilaza mbele. Umepata vyote viwili.

#15 Fundi_Nungwi
Umejitetea vizuri ila babu zetu hawakuwa na hizo hesabu zako.

#16 Mwanamkasi wa Pangani
Hawakuwa na hesabu ila walikuwa na mikono. Kana ikiwa nzito nahodha anamrudia fundi na matusi, fundi anarekebisha, chombo kinachofuata kinajengwa tofauti. Mkipeana matusi miaka mia nne hamhitaji hesabu.

#17 Binti Jibondo
Naomba kuvuruga. Kwetu Mafia ngalawa nyingi mlingoti wake umesimama karibu wima na foromali yake inapita mbele vilevile, na zinabisha, yaani zinakwenda kuukabili upepo, kuliko majahazi, mnalijua hilo. Kama ni kugeuza mbona ngalawa inageuka? Kama ni kana kuwa nzito mbona mtoto anaishika? Nadhani mnalotafuta ni uzito. Foromali ya ngalawa mtu anaitia begani anakwenda nayo nyumbani. Ya jahazi inataka watu na nyimbo. Mti mwepesi hata ukigusa mlingoti unausukuma kwa mguu.

#18 Nahodha_Mstaafu
Binti umesema neno. Ila ngalawa ina matengo, ile miti miwili ya pembeni inayoelea, haihesabiki pamoja na majahazi, ile inakaa juu ya maji kwa miguu mitatu.

#19 Chongoe
Matengo? Kwetu ndubi.

#20 Binti Jibondo
Msianze. Uzi wa ngalawa upo, ulifika kurasa nyingi na watu wakafungiwa akaunti.

#21 Mkaa Amu
Salaam aleikum. Nawaona wote mwazungumza kama kwamba tanga la pembe tatu lilishuka na mvua. Huku kwetu Amu (Lamu), Pate, Faza, chombo cha wazee kilikuwa mtepe. Mtepe haukupigwa misumari, mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba wa nazi, na tanga lake lilikuwa la mraba, tena la mkeka si la kitambaa. Mlingoti wake ulisimama. Vyombo vya kushona ni vya kale sana pwani hii, Mgiriki mmoja wa karne ya kwanza aliyeandika habari za Azania, ndiyo pwani hii, na mji wake wa Rhapta ashavitaja. Mtepe umekwisha miaka ya 1930 huko. Kwa hivyo swali la Mgogo lafaa liulizwe hivi: tulitoka vipi kwenye mlingoti uliosimama tukaingia kwenye uliolala? Jibu ni tanga lilibadilika. Na tanga hilo twalijua lilitoka kwa nani.

#22 Kikomba
Haya, Waarabu wameshaitwa. Kaeni vizuri.

#23 Mzanzibari wa Maskati
Nimekuja bila kuitwa sheikh wangu. Mimi nimezaliwa Unguja nakaa Oman. Nendeni Sur mkaangalie Fatah al-Khair, ni ghanja, aina ya jahazi kubwa la Kiarabu, ya mwaka 1951, sasa imewekwa nchi kavu watu wanaitembelea. Milingoti yake imelala mbele vilevile. Ukienda kwenye maboom, majahazi makubwa ya Kuwait, ni hivyohivyo. Kwa hiyo wa Amu kasema kweli kwamba ni familia moja. Lakini na nyie msifikiri Mwarabu kazaliwa na tanga la pembe tatu. Oman walijenga Jewel of Muscat, mfano wa merikebu ya karne ya 9 iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung Indonesia, mbao zimeshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, wakaisafirisha mpaka Singapore mwaka 2010. Ilikwenda kwa matanga ya mraba. Nyote mnamsukumia Mwarabu na yeye ana wa kumsukumia.

#24 Mkaa Amu
Sheikh wa Maskati hapo tuko pamoja. Halafu tanga lenu si pembe tatu hasa, mbele limekatwa, lina kipande kifupi cha wima, kwa hivyo pembe ni nne.

#25 Mzanzibari wa Maskati
Kweli kabisa. Majahazi makubwa ya huku ndivyo. Pembe tatu kamili utaiona kwenye ngalawa zenu.

#26 Mgogo_Baharini
Mtepe nautaka kuuona. Nimeambiwa upo ndani ya makumbusho ya Beit al Ajaib hapahapa Unguja, nitakwenda Jumamosi.

#27 Mwanamkasi wa Pangani
Utakwenda kuangalia mabati ya ujenzi kaka. Jengo liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Na ule mtepe wa mle ndani haukuwa wa kale, ulijengwa mwaka 2003 kwa kuiga.

#28 Chongoe
Kuiga ndo hatua ya kwanza. Kuna Flipflopi pia imejengwa Lamu kwa taka za plastiki na ndala, ikashushwa majini 2018, mwaka 2019 ikaja na tanga lake mpaka Unguja, 2021 wakaipeleka Ziwa Victoria. Nilipoiona swali langu lilikuwa moja tu, imekalafatiwa na nini?

#29 Fundi_Nungwi
Plastiki haivimbi. Mbao ikiingia majini inavimba inabana pamba, ndo maana chombo kipya kinavuja siku za mwanzo halafu kinakauka chenyewe. Mtu asiyejua anapiga kelele tumeuziwa chombo kibovu.

#30 Jicho la Ziwa
Habari za pwani. Mimi Ukerewe. Sisi mitumbwi ya tanga ipo tangu zamani, matanga watu wanashona kwa viroba na maturubai, mlingoti unaegemea mbele kidogo kwenye baadhi, mingine wima, inategemea fundi kaamkaje. Ila nataka kuuliza cha maana zaidi. Siku hizi nikija Dar naona majahazi yana mashine, moshi unatoka nyuma, na mlingoti bado upo. Kama mashine ipo mlingoti wa nini? Si mung'oe tu mpate nafasi ya mzigo.

#31 Nahodha_Mstaafu
Ndugu yangu wa ziwani, mashine inazima. Ukishazimikiwa katikati ya mkondo wa Unguja na Pemba, upepo wa kusi unavuma, ndo utajua mlingoti ni wa nini. Halafu dizeli ina bei, upepo ukiwa wa nyuma nahodha mwenye akili anapandisha tanga anapunguza moto. Tatu mlingoti ndo winchi yao, mzigo mzito unanyanyuliwa kwa kapi kutoka tumboni. Ukiangalia vizuri vingi vimekatwa mlingoti ukawa mfupi, tanga la dharura tu.

#32 Mhandisi_Mawimbi
Na ukiufupisha basi hauna haja ya kulala. Wadau wa Malindi ya Unguja pale bandarini hebu angalieni, vyombo vya mashine vyenye mlingoti mfupi umelala au umesimama? Ukiwa bado umelala na foromali hakuna basi fundi anaulaza kwa mazoea tu na nadharia zetu zote zinapata shida.

#33 Kikomba
Nipo Malindi kesho. Nitaangalia.

#34 Fundi_Nungwi
Mashine zimetuharibia kazi kwenye kitu kimoja hamkisemi. Chombo cha tanga nyuma yake kimejengwa kubeba usukani, si kutikisika. Ukija kutoboa fashini, ule mti wa nyuma unaobeba usukani, upitishe shafti ya propela, na ile mashine ya dizeli silinda moja inavyopiga, kalafati yote ya nyuma inalegea. Wengine wananiletea chombo kinavuja tezi, naangalia nakuta mashine imekalishwa juu ya mataruma mawili tu. Inatakiwa magogo marefu yashike mataruma mengi, mtikisiko usambae.

#35 Dogo wa Kunduchi
Ndo maana sisi tunafunga mashine ya nje, Yamaha ya 15 au ya 40, unaibandika nyuma kwenye boti la faiba, ukirudi unaing'oa unalala nayo ndani. Hayo ya kutoboa fashini yanawahusu wazee.

#36 Nahodha_Mstaafu
Ukishindwa petroli unarudije?

#37 Dogo wa Kunduchi
Kafi zipo

#38 Nahodha_Mstaafu
Kafi kwenye faiba la kubeba watu kumi? Maji kupwa yanakutoa nje unapiga kafi mpaka Somalia.

#39 Binti Jibondo
Nahodha mkali leo. Ila dogo naye ana haki yake. Wavuvi wengi wa kwetu wana tanga na mashine ndogo pamoja, asubuhi wanatoka na umande unaovuma kutoka nchi kavu, mchana wanarudi na upepo wa baharini, mashine inawashwa upepo ukifa tu. Na kwenye maji madogo ndani ya mikoko wanaacha vyote wanapiga pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chini. Mbona hakuna anayegombana.

#40 Jicho la Ziwa
Huku upande wa Kenya, Mbita, kuna wavuvi wanakodi mashine za betri, betri inachajiwa ufukweni kwa jua. Haina kelele. Kwa wanaovua usiku na taa ni raha.

#41 Chongoe
Bahari ya chumvi hiyo betri itaoza kwa wiki.

#42 Jicho la Ziwa
Sijasema ya chumvi mkuu, nimesema ya ziwani.

#43 Mwana Kigoma
Mkiongelea nguvu za vyombo msisahau Tanganyika. Sisi tuna Liemba, meli ya Wajerumani iliyojengwa Kigoma wakati wa vita, ilikwenda kwa mvuke.

#44 Mwanamkasi wa Pangani
Haikujengwa Kigoma. Ilijengwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa Dar kwa makasha, ikapandishwa treni mpaka Kigoma ndo ikaungwa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha Waingereza wasiipate, lakini mashine zake wakazipaka grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, ikaanza kazi 1927 kwa jina la Liemba.

#45 Mwana Kigoma
Dada umeniaibisha kwa heshima. Ila mvuke ni kweli, dizeli imewekwa miaka ya 1970.

#46 Nahodha_Mstaafu
Mtu anazamisha chombo na anapaka mashine grisi. Huyo alikuwa ana nia ya kurudi.

#47 Mgogo_Baharini
Jamani uzi wangu umefika Ujerumani na mlingoti bado haujanyooka. Mpaka sasa nina foromali kusugua, nina kugeuza, nina usukani kuwa mwepesi, nina uzito wa dada wa Jibondo, nina Waarabu. Nichukue ipi?

#48 Mzee Dhamana
Nilikuwa nasoma tu. Hakuna aliyegusa henza. Angalieni henza inavyokwenda. Inashika foromali, inapita kichwani mwa mlingoti, inashuka kwa nyuma mpaka kwenye gofia, ndiyo kapi lake, inafungwa karibu na shetri. Foromali na tanga vinavuta kichwa mbele, henza inakivuta nyuma. Kwa hiyo mlingoti uliolala mbele umebanwa kati ya mivuto miwili, hauchezi, na hauhitaji kamba nyingine ya kuushika kwa nyuma. Ungekuwa wima, siku upepo umelegea na bahari ina mawimbi ungekuwa unapiga mbele nyuma mbele nyuma mpaka utoke kwenye kiti chake. Wale wazungu wenye mlingoti uliosimama wana kamba za chuma kila upande. Sisi henza moja inafanya kazi mbili.

#49 Mhandisi_Mawimbi
Mzee hii sikuiwaza kabisa. Kumbe ukishusha tanga mlingoti unabaki bila kishikizo cha nyuma?

#50 Mzee Dhamana
Ukishusha tanga na kilichokuwa kinauvuta mbele nacho kimeshuka. Hapo umebaki na uzito wake mwenyewe, mguu na mafungio yanatosha.

#51 Nahodha_Mstaafu
Mzee Dhamana umesema jambo la baharini. Ila bado kugeuza ndo kumeanza, hilo la henza limekuja baadaye wakaligundua linasaidia.

#52 Fundi_Nungwi
Na mimi nasema kusugua ndo kumeanza.

#53 Mkaa Amu
Na mimi nasema nyote mwajenga sababu baada ya kuona mlingoti. Tanga lilipokuja lilikuja na mlingoti wake umelala, wazee wakauchukua vivyo hivyo. Mtu akinunua kanzu hashoni upya kola.

#54 Mzanzibari wa Maskati
Na aliyeiuza kanzu naye alikuwa na sababu ya kola. Umelisogeza swali tu habib, hujalijibu.

#55 Mpenda Historia
Kuna Mwaustralia anaitwa Alan Villiers, baharia wa meli za tanga za kizungu, alipanda boom ya Kuwait mwaka 1938 akiwa Aden akaja nayo pwani yetu mpaka Zanzibar na Rufiji walikokwenda kuchukua boriti, akarudi nayo 1939. Picha alizopiga safari ile zipo mtandaoni, nyingine unaona mabaharia wamepanda juu ya foromali kabisa, wanatembea juu ya ule mti bila kamba. Ukiziangalia unaona uwazi uliopo kati ya foromali na mlingoti, Fundi na Nahodha wote wawili watapata cha kushangilia.

#56 Mgogo_Baharini
Nimeziangalia sasa hivi. Mimi hata kupanda ngazi ya ghorofa nne nashika ukuta.

#57 Kikomba
Nimerudi kutoka Malindi. Ripoti: nimekuta vyombo vya mashine vitatu vimefunga gati. Kimoja mlingoti mfupi umelala mbele kama kawaida. Kimoja umesimama. Cha tatu hakina mlingoti, kina bomba la moshi na mtu amelala chini yake.

#58 Mhandisi_Mawimbi
Asante kwa utafiti. Umetuacha tulipokuwa.

#59 Dogo wa Kunduchi
Hicho cha tatu ndo chenye akili

#60 Binti Jibondo
Dogo subiri kusi ikupate.

#61 Mhandisi_Mawimbi
Fundi swali la mwisho. Ukiwa unajenga, unajuaje mlingoti umelala kiasi gani? Unapima pembe? Nikipata vipimo vya vyombo kadhaa vya ukubwa tofauti naweza kuona kama unalala zaidi kadiri foromali inavyokuwa nzito, hapo hoja ya dada wa Jibondo tunaweza kuijaribu kwa namba.

#62 Fundi_Nungwi
Pembe sipimi. Nadondosha timazi kutoka kichwani mwa mlingoti, naangalia inaangukia wapi mbele ya mguu, nahesabu shibiri.

#63 Mhandisi_Mawimbi
Shibiri ngapi?

#64 Fundi_Nungwi
Inategemea chombo, inategemea tanga, inategemea na nahodha mwenyewe anapenda kana nzito au nyepesi. Leta mbao nikujengee, utahesabu mwenyewe.

#65 Nahodha_Mstaafu
Mmemsikia? "Anapenda kana nzito au nyepesi." Tangu #13 anambishia kijana wa watu.